Uso wa Baba Mkwe

Ilomba, Mbeya
Jumamosi, mchana

Asajile mwanangu,

Barua huanza na salamu, lakini nitamsalimuje mtu aliye chumba cha pili, ninayemsikia akipuliza makaa ya pasi? Tangu Alhamisi sijakusemesha, nawe umejifanya hukuona. Umekula, umeoga, umepanga sanduku, umepiga na mluzi. Kesho asubuhi unapanda basi la Iringa pamoja na bwana wako wa vitabu, yule Mzungu unayemkalimania, na mimi nimekaa jikoni na kalamu kwa sababu nikifungua mdomo nitapiga kelele, na babu yako atasikia. Amesikia ya kutosha wiki hii.

Mambo ya blanketi na soksi na baridi ya huko Nyololo atakueleza dada yako Tupokigwe. Yeye bado ana moyo wa kukuchemshia viazi vya njiani. Mimi leo nina hasira tu, na nataka uisome yote, mstari kwa mstari, kama unavyomsomea yule bwana karatasi zake.

Naanza na Alhamisi, maana nakujua, umeshaigeuza kichwani mwako ikawa jambo dogo.

Nilikuwa ndani nachambua maharage. Ukaja mlangoni na kaptula yako iliyonyooka, ukasema, "Mama, toka kidogo umsalimie mgeni. Babu hayupo, kaenda hospitali kuchoma sindano." Nikakuuliza, "Kaenda na nani?" Ukajibu bila hata kumeza mate, "Na Tupokigwe." Nikajifunga kanga vizuri, nikachukua kibuyu cha togwa, maana mgeni hasalimiwi mikono mitupu, nikatoka na tabasamu langu.

Babu yako alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, ameelekea mlango wangu. Naye ulikuwa umeshamwambia, "Mama kaenda shamba, babu, njoo uote jua."

Akainua uso. Nami nikainua wangu. Tangu niolewe na baba yako hadi Alhamisi ile, mimi na mzee yule hatukuwahi kutazamana. Kibuyu kikaniponyoka, nikajitupa chini, nikavuta kanga hadi puani. Nilimsikia akijikokota kuelekea ukuta, akiugua kama mtu aliyepigwa fimbo ya mgongo. Kisha nikasikia ile kamera ya bwana wako ikilia, na sauti yako ikimweleza bwana kwa Kiingereza. Kiingereza sikijui, Asajile, lakini sauti ya mtu anayeuza ng'ombe mnadani naijua. Halafu ukacheka. Kidogo tu. Kile kicheko cha kumfurahisha mwenye mshahara.

Bwana wako akainama karibu na kichwa changu. Niliona viatu vyake. Akasema, "Samahani sana, Mama. Mimi nataka kujifunza tu." Ijumaa akaleta ratili ya sukari. Umeona mwenyewe ilivyorudi.

Kujifunza! Mimi nilijifunza ingamwana, hii mila ya mkamwana kumwepuka baba mkwe, na sikuhitaji kumwangusha mtu chini ili nijifunze. Wewe hukujifunza. Wewe uliikuta, kama ulivyoukuta mlima Loleza umesimama pale, ndiyo maana unadhani unaweza kuichezea. Tangu ukiwa mgongoni mwangu ulizoea kwamba babu akikohoa, mama anatoweka. Na tangu tumlete hapa Mbeya kwa ajili ya sindano, akitaka kutoka chumbani mwake hugonga fimbo kwenye kizingiti, nami huingia ndani. Nikitaka kwenda bombani huanza kuimba, naye hugeukia ukutani. Mkamwana hamtazami baba wa mumewe, wala hawasemeshani, wala hawapiti njia moja. Basi. Tumeishi hivyo bila mtu kuumia, mpaka alipokuja mtu wa kutuonea ajabu, na mwanangu akawa ndiye mfungua mlango.

Mimi, kama unavyojua na unavyopenda kusahau, si Mnyakyusa. Nimezaliwa Iringa, kwa wajomba zako unaokwenda sasa kuwachungulia. Baba yako alikuja kwetu kutengeneza mabenchi ya kanisa, akamaliza mabenchi, akabaki anatafuta kazi ambayo haipo. Baba yangu akaniambia, "Yule seremala anapima mbao gani hapa uwanjani kwetu?" Tukaoana. Nikapakiwa kwenye lori, tukalala Chimala na mbu wake, nikafika Tukuyu kwenye mvua isiyokwisha na migomba isiyokwisha, sijui neno hata moja la Kinyakyusa isipokuwa "ndaga," yaani asante.

Siku za kwanza tulikuwa njiani kutoka mtoni, mimi na wifi zangu, wake wa ndugu za baba yako. Mbele kukasikika kikohozi. Wote wakaruka migombani kama kuku walioona mwewe! Nikabaki peke yangu njiani na mtungi kichwani. Nikajisemea, ama kweli nimeolewa kwa watu wasio na adabu, mzee anakuja wao wanakimbia. Kwetu mkwe anaheshimiwa sana, lakini anasalimiwa. Nikapiga magoti, nikatayarisha "Kamwene" yangu nzuri iliyonyooka. Sijaitoa, wifi yangu mkubwa akanifunika kichwa kwa nguo yake akanivuta mtaroni, mtungi ukapasuka. Nilichokiona ni miguu tu. Miguu mirefu, kidole kikubwa cha kulia hakina ukucha. Ikasimama kidogo, ikaondoka bila haraka.

Wifi akanigeukia akitweta. "Wewe Mhehe, umelelewa na nani? Ulitaka kumtazama baba?"

Nikamjibu, "Nilitaka kumsalimia! Nyinyi mmelelewa na nani, mnaomkimbia mzee kama chui?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakaniambia ndivyo wanavyokuwa watu wanaokula mbwa. Nikalia usiku kucha, nikimwambia baba yako hawa ndugu zako ni washenzi. Nao huko nyumba nyingine walikuwa wanasema mshenzi ni mimi. Kila upande ulikuwa na hakika kabisa. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba mimi niliyepiga magoti na wao walioruka migombani tulikuwa tunafanya jambo moja. Wote tulitaka mzee apite ameheshimiwa. Hiyo ndiyo elimu yangu, na niliilipia mtungi.

Kisha yakaja maneno. Jina la babu yako sikuruhusiwa kulitamka, na siliandiki hapa. Wala sikuruhusiwa kutamka neno lolote linalofanana nalo, na jina lake, kama unavyojua, linafanana na lile neno la tumbo tupu, la mtu asiyekula tangu jana. Wifi zangu wakanifundisha maneno mengine, ya wake tu. Kwa hiyo wewe na dada yako mmekua bila kumsikia mama yenu akilitaja. Mlipolia nilisema, "Tumbo limelala." Hata katika ule mwaka mbaya ambao mvua ilikataa, sikulitaja.

Sasa niambie, ni nani aliyemwacha bwana yule aandike kwamba wanawake wa Kinyakyusa hawana neno la hali hiyo, kwa sababu nchi yao ina ndizi nyingi? Tupokigwe alikuwa anawapa chai, akakusikia unamsomea kwa Kiswahili alichoandika, akaja kuniuliza kama ni kweli. Ulijua si kweli! Ulijua ninalikwepa neno lile kwa ajili ya mtu mmoja, na ukanyamaza kwa sababu maelezo yangekuwa marefu na chai ingepoa. Huko kwao watu watasoma kwamba sisi hatujawahi kulala bila kula. Nilipokuwa nakupa wewe kiazi cha mwisho, nikajifunga tumbo kwa kanga, hilo halikuandikwa.

Nikukumbushe na jambo lingine, maana ulikuwa mdogo na huenda umelisikia nusu nusu. Baba yako alipokufa, tulipotoka kuzika, ndugu zake walikaa kikao mbele ya nyumba yangu kule Tukuyu. Walitaka mdogo wake anirithi. Nikakataa. Wakasema basi, Mhehe arudi kwao Iringa, nyumba ibaki, watoto wabaki. Mimi nilikuwa ndani nimekushika wewe, dada yako yuko miguuni, nawasikia wakinigawa. Hakuna aliyenitetea. Wale wifi waliokuwa marafiki zangu kwa miaka yote hiyo walitazama chini.

Kisha nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Babu yako hakupita mbele, kwa kuwa mimi nilikuwa karibu na mlango. Alisimama nyuma ya ukuta wa matope, amenipa mgongo, ukuta kati yetu, akapaza sauti ili wanawe wamsikie kutoka upande wa pili. Akasema, "Huyu mwanamke hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Nyinyi niliowazaa mmenivunjia mara ngapi? Nyumba ni yake. Watoto ni wake kuwalea. Anayetaka kumfukuza aanze na mimi."

Wakatawanyika mmoja mmoja.

Mtu huyo hakuwa ameniona uso. Asingenitambua gulioni. Alinijua kwa jinsi nilivyomwepuka. Sasa nenda kamweleze hilo bwana wako, uone kama litaingia kwenye ile kamera.

Nakusikia ukisema, ah, Mama, hayo ni mambo ya zamani, mambo ya kabila, hata mchungaji amesema Wakristo wapeane mikono. Amesema, ndiyo. Na Jumapili babu yako anapita mlango wa kulia mimi napita wa kushoto, na mchungaji, ambaye naye ana mkamwana, hajawahi kutuuliza kwa nini. Ulimwambia bwana kuwa ni "uoga wa wanawake wasiosoma." Mimi nimesoma. Barua hii nani anaiandika?

Mwaka jana nilikwenda mjini dukani kununua kaniki. Yule Mhindi mzee wa pale, Mhindu, ana mkamwana mpya, binti mdogo aliyeletwa kutoka mbali. Alikuwa ananikatia kitambaa, tunaelewana kwa vidole na vicheko. Mara mzee akaingia kutoka stoo. Asajile, yule binti alivuta upindo wa sari yake ukafunika uso wote hadi kidevuni, akageukia rafu, akatulia tuli. Mzee naye akatazama dari, akachukua funguo zake, akatoka. Binti akafunua uso, akaona ninavyomkodolea macho. Akaona haya. Akasema, "Baba ya bwana. Mimi hapana ona yeye."

Nikamshika mkono. "Hata mimi! Hata mimi, mwanangu, baba ya bwana hapana ona!"

Tulicheka mpaka machozi, mimi Mhehe niliyeolewa Unyakyusa na yeye kutoka ng'ambo ya bahari, tumeegemea meza ya duka. Akanikatia kitambaa na cha nyongeza. Sikumwita mshenzi. Sikumpiga picha. Nilijua palepale kwamba ana mtu nyumbani anayemheshimu kwa gharama, na kwamba kuna siku inamchosha, kwa sababu inachosha, sikufichi. Kuna siku nimekaa ndani na mtungi mtupu nikingoja mzee amalize kuota jua, nikailaani ingamwana na aliyeianzisha. Sisemi kwamba ni tamu. Nasema ni yetu, na mlango wake unafunguliwa kutoka ndani.

Na huyo bwana wako hana mila? Nimemtazama vizuri. Mkewe akiingia anaruka kusimama hata kama ana uji mdomoni. Kofia anavua akiwa ndani, anavaa akiwa nje. Siku ile ulipomuuliza mbele yetu mshahara wake ni kiasi gani, aligeuka mwekundu shingo nzima, nawe ukaniambia baadaye, "Mama, kwao hilo haliulizwi." Ulilijua, ukaliheshimu, hukulirudia tena. Kwao ikiwa hivyo inaitwa adabu. Kwetu inaitwa mila, inaletewa kamera. Ningetuma mtu amfungulie mlango mkewe akiwa anaoga, halafu nikasema samahani, nataka kujifunza tu, ningekuwa wapi sasa hivi? Jela.

Simchukii. Ana macho ya mtu mpole, na kaandika mengi ya kweli, Tupokigwe kaniambia. Mgeni hana kosa la kutojua kizingiti kiko wapi. Lakini wewe ulikijua. Mkalimani ndiye anayejua pande zote mbili, ndiyo maana akiamua kudanganya hakuna wa kumkamata. Kesho kutwa utakuwa kwa wajomba zako. Watakuchinjia, watakuita mwana wa dada, watakuonyesha hata kaburi la baba yangu na namna tunavyosema naye mwezi ukiandama, kwa sababu wewe ni damu yao. Bwana atakuwa nyuma yako na kalamu. Sikukatazi kazi. Kula mshahara wako. Ila nikifikiri kwamba utawafanyia walivyofanyiwa watu wawili uwanjani kwangu, natamani basi hilo lipate pancha kila kilima.

Sasa sikiliza kilichotokea tangu Alhamisi, maana wewe ulikuwa unapiga mluzi.

Babu yako hajala. Chakula kinakwenda chumbani kwake kikiwa cha moto kinarudi kimepoa. Jana alimwita Tupokigwe akamwambia, "Mwambie mama yako nimemvunjia nyumba yake. Nimezeeka, masikio yangu yameharibika. Asajile lazima aliniambia mama yupo, nami nikasikia hayupo. Mtu asiyesikia hafai kukaa uwanja mmoja na mkamwana. Nitarudi kwangu kabla sijafanya jingine."

Umesikia? Anadhani kosa ni la masikio yake. Hata haijamwingia kwamba mjukuu wake anaweza kumdanganya.

Amefunga mkeka wake. Kesho asubuhi, wakati wewe unapanda basi la Iringa, yeye anapanda la Tukuyu. Kifua chake unakijua. Daktari alisema mbele yako kwamba sindano zisikatwe hata kidogo, zikikatwa ugonjwa utarudi na hautapona. Huko kwake hakuna sindano. Anakwenda kufa kwa ajili ya heshima yangu, na kwa kosa lisilo lake.

Ningeweza kumtuma Tupokigwe akamweleze kwamba ulitudanganya sote wawili. Mara nne nimemwita aje, mara nne nikamwambia arudi akafagie. Likisemwa na mwingine, mzee atabaki, lakini wewe hutakuwa na pa kurudia hapa. Utakuja likizo na viatu vipya, utakuta kila mtu anakukaribisha na hakuna anayekuamini. Nina hasira nawe, Asajile, lakini sijafika huko. Jogoo mwekundu nimemfunga nyuma ya jiko. Utampelekea babu yako, maana mambo haya hayatengenezwi kwa mdomo mtupu, na utamwambia kila kitu kwa kinywa chako.

Kuna jingine, na hili usimwambie mtu, hata dada yako.

Ule uso ulionionyesha kwa nguvu, niliuona. Nilijitupa chini haraka, lakini macho ni mepesi kuliko magoti. Ni uso wa baba yako. Sikujua. Ningejuaje? Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa kuwa kila mtu alikuwa anaona wote wawili isipokuwa mimi. Jicho la kushoto linalofumba kidogo, ule mwanya, ile mikunjo ya paji ya mtu anayepima ubao. Baba yako alikufa na ndevu nyeusi, na mimi nimezeeka peke yangu nikimkumbuka kijana. Alhamisi nilimwona mume wangu akiwa na mvi, amekaa uwanjani kwangu anaota jua, kama tungeachwa tuishi. Nikiwa chini ndani ya kanga nililia, na mlidhani nalia aibu. Umenivunjia heshima yangu, na humohumo ukanipa kitu ambacho ningekitamani kila siku iliyobaki, na ambacho sitakiona tena, kwa sababu akibaki hapa nitarudi kufunika uso, na ni lazima abaki. Kwa hilo sijui nitakusamehe lini.

Kwa hiyo weka hiyo pasi chini. Nenda kwake sasa hivi, jua lingali juu. Kaa chini, usisimame. Mwambie masikio yake ni mazima na aliyeharibika ni wewe. Kisha atakuuliza jambo moja tu, maana ndilo linalomfungisha mkeka. Atakuuliza kama mama yako aliuona uso wake. Umjibu kwa Kinyakyusa kizuri, ukitazama chini, kwa niaba yangu, na uifanye vema kazi yako ya ukalimani.

Mwambie mama hakuona kitu.

Mama yako